Tuombe Nini Juu ya Barua Iliyokwisha Kuandikwa?

 

Katika kesha moja la mwezi wa pili, binti mmoja wa kanisa letu alisimama ili aombewe. Hakuwa mgonjwa. Hakufiwa. Alisema hivi: "Baba zangu na mama zangu, nilimaliza lisanse yangu Butembo. Nimeandika kwa iniversite nne za ng'ambo ili niendelee na masomo ya politike. Ninangoja majibu. Tangu Noeli silali vizuri, na chakula hakipiti. Niombeeni."

Tuseme ukweli: watu wengine walicheka. Mama mmoja alinung'unika kwamba katika benchi lake kuna wajane watatu, na huyu analilia shule. Mzee mmoja akasema politike ni kazi ya uongo, afadhali mtoto akose nafasi hiyo kuliko kuipata. Hata sisi tuliokaa mbele tulifikiri kidogo kwamba ombi hili halistahili usiku mzima. Lakini yule binti hakuketi. Aliendelea: "Wazee, kuna kitu kinanisumbua. Huko ng'ambo walimu wamekwisha kuketi. Pengine jibu langu limeandikwa tangu juma lililopita, na mimi sijui tu. Nikiomba leo usiku, ninaomba nini? Mungu atafuta wino?"

Hapo kicheko kiliisha. Mchungaji alimwombea kwa maneno machache, nasi tukarudi nyumbani na swali lake. Tumelijadili katika mikutano mitatu ya wazee. Tunaandika hapa tulipofika, ingawa hatukukubaliana katika yote.

Kwanza tueleze jinsi mambo hayo yanavyokwenda, maana wengi wetu hatuyajui. Wazee waliosoma wakati wa Zaire wanakumbuka kungoja kwa namna nyingine. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha iniversite za nchi kuwa moja tu, UNAZA, yenye kampasi Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, na hali hiyo ilidumu mpaka 1981. Masomo ya politike yaliwekwa Lubumbashi. Kijana wa Beni aliyeyataka alipaswa kuvuka nchi nzima, kama alikubaliwa na kama alipata njia. Iniversite Katolika ya Graben ilipofunguliwa Butembo mwaka 1989, watoto wa Beni na Lubero walianza kusoma karibu na mashamba ya wazazi wao. Lakini mtu akitaka kupanda juu zaidi, mpaka udaktari wa elimu, mara nyingi macho yake huelekea Kampala, Ubelgiji au Marekani.

Katika Marekani, ambako binti yetu aliandika, mambo ni hivi. Mwombaji anatuma karatasi zake kabla ya mwisho wa mwaka, mara nyingi mwezi wa kumi na mbili: matokeo ya shule, barua tatu za walimu wanaomjua, maandishi yake mwenyewe, na maelezo ya jambo anapotaka kulichunguza. Walimu wachache wanaketi katika mwezi wa kwanza na wa pili, wanasoma, wanabishana, wanachagua. Iniversite kubwa hupata maombi kwa mamia, na huchukua labda watu kumi, labda ishirini. Wanaokataliwa si wajinga. Pengine mwalimu ambaye angekuongoza anastaafu mwaka huo. Pengine fedha zimeisha. Mwaka 2025 iniversite kadhaa za huko zilipunguza nafasi za udaktari kwa sababu fedha za serikali zilikatwa. Mwombaji haambiwi hayo. Anaambiwa tu kwamba wanasikitika.

Kuna jibu la "ndiyo" na jibu la "hapana", na kuna la tatu ambalo ni gumu kuliko yote mawili: "Ngoja kwanza." Jina lako linawekwa katika orodha ya wanaongoja. Iniversite nyingi za Marekani zimekubaliana kwamba mtu aliyepewa nafasi pamoja na fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 mwezi wa nne. Basi aliyekubaliwa mahali patano anaweza kuzishika nafasi zote tano mpaka siku hiyo, na aliye katika orodha ya kungoja anangoja huyo. Hangoji tena walimu. Anangoja mtu kama yeye, asiyemjua, aamue. Tutarudi kwa jambo hili.

Sasa, kwa nini mtoto wa Mbau atake politike? Yule mzee aliyesema ni uongo alimwuliza mbele ya watu. Binti alijibu kwa kuuliza: "Baba, mwaka 2018 ulipiga kura siku gani?"

Mzee alinyamaza. Wote tunakumbuka. Uchaguzi wa rais ulikuwa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018. Siku nne kabla yake, CENI ilitangaza kwamba eneo la Beni, mji wa Beni na mji wa Butembo, pamoja na Yumbi huko Mai-Ndombe, hawatapiga kura mpaka mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Kwetu sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019. Sisi tulipiga kura tarehe 31 mwezi wa tatu, kuchagua wabunge tu, rais akiwa amekwisha kuketi miezi miwili. Na mnakumbuka watu wa mji wa Beni walivyofanya siku ileile ya 30: walijitengenezea vituo vyao, wakanawa mikono kwa sababu ya ugonjwa, wakapanga mistari, wakapiga kura ambazo hakuna mtu katika Kinshasa angezihesabu.

"Ninataka kujua," binti alisema, "jinsi uamuzi unavyofanyika mahali ambapo sisi hatupo."

Tangu siku hiyo hatukumwuliza tena kwa nini politike. Lakini tazameni: swali lake juu ya sala na swali lake juu ya kura ni swali moja. Mtu afanye nini juu ya jambo lake, wakati jambo limekwisha kuamuliwa na wengine, mbali, bila yeye?

Watu wenye akili wamelifikiri zamani. Walimu wa kale wa Wayahudi, katika Mishna, kitabu cha sheria zao kilichokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, walitoa mfano. Mtu anatoka safarini. Anakaribia mji wake, anasikia kilio kikubwa ndani ya mji. Anaomba kilio hicho kisiwe cha nyumba yake. Walimu wale walisema sala hiyo ni ya bure. Kilio kimekwisha kutoka katika nyumba fulani. Kama ni yako ni yako, kama si yako si yako. Mungu hafanyi jambo lililokuwepo lisiwe limekuwepo.

Tulipousoma mfano huo katika mkutano wa wazee, chumba kilinyamaza. Nani hapa hajaiomba sala hiyo? Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza katika eneo letu, tumeomba hivyo mara ngapi? Unasikia milio upande wa Mayi-Moya usiku, au moto unaonekana upande wa njia ya Kamango, na mtoto wako alikwenda shambani jana na hakurudi. Unapiga magoti. Unasema: Bwana, isiwe yeye. Risasi imekwisha kulia. Imekwisha kumpata mtu au kumkosa. Hata hivyo unaomba, wala hakuna mwalimu, awe wa kale au wa leo, atakayetuambia kwamba mama yule anacheza na Mungu.

Mwanafalsafa mmoja Mwingereza, Michael Dummett, aliandika juu ya jambo hilohilo mwaka 1964. Alichukua mfano wa baba anayesikia redioni kwamba meli imezama saa mbili zilizopita, ambamo mwana wake alisafiri, na ya kuwa watu wachache waliokoka. Baba anaomba mwana wake awe mmoja wa waliookoka. Dummett aliona kwamba sala ya baba yule haina ujinga wala dhihaka. Kama Mungu anajua yatakayokuja, alijua tangu mwanzo kwamba baba huyu ataomba, hata kabla meli haijazama. Nasi tunaongeza kwa lugha yetu: Mungu hangoji barua ifike Mbau ndipo ajue tuliomba nini.

Wengi wetu tuliridhika hapo. Mzee mmoja tu hakuridhika, nasi tunaona alikuwa na haki. Alisema: "Hoja hiyo ni tamu, lakini angalieni inapotupeleka. Kama sala ya leo inaweza kusikiwa jana, basi kila aliyepata jibu baya atasema sikuomba vya kutosha. Na wale tuliowazika, jamaa zao hawakuomba vya kutosha?" Hatukuwa na jibu. Tunaliweka neno lake hapa ili lisipotee.

Basi tukaenda kwa jambo tulilolipitia wenyewe. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, karibu nasi kabisa, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wengi wenu mliosalimiana na mgonjwa, au mliosaidia kubeba maiti, mlihesabiwa siku 21. Kila asubuhi watu wa afya walikuja kupima joto. Katika siku zile 21 ugonjwa ulikuwa mwilini au haukuwa mwilini. Jambo hilo halikungoja sala. Hata hivyo tuliomba siku zote 21, na hakuna aliyecheka. Tuliomba nini? Tulijaribu kukumbuka. Mama mmoja aliyetengwa wakati ule alisema: "Mwanzoni niliomba nisiwe nayo. Kufika siku ya kumi nilichoka na ombi hilo. Nikaanza kuomba kwamba, kama ninayo, nisimshike mtoto. Na kama sinayo, nisiwacheke waliokuwa nayo."

Neno la mama huyu lilitusaidia kuliko vitabu. Sala yake ilianza juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, ikahamia kwa jambo ambalo bado lilikuwa mikononi mwake. Hakuacha kuogopa. Hofu yake ilipata kazi ya kufanya.

Kwa hiyo hatusemi kwamba wasiwasi wa binti yetu ni kukosa imani. Wako wahubiri wanaosema hivyo, na ni rahisi kusema ukiwa umeshiba. Hana, mama yake Samweli, aliomba katika Shilo akiwa na uchungu mpaka midomo ikacheza bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Sisi tuliocheka katika kesha lile tulikuwa Eli. Afadhali yeye, maana alipoelezwa alibadilisha neno lake mara moja. Sisi tulichukua mikutano mitatu. Daudi naye alifunga na kulala chini siku saba mtoto wake alipokuwa mgonjwa, na alipoambiwa mtoto amekufa aliinuka, akaoga, akala. Hakufanya hivyo kwa kuwa hakuwa na uchungu. Wakati wa ombi moja ulikuwa umekwisha, basi. Na waamini waliokusanyika usiku kumwombea Petro atoke gerezani walikuwa bado wanaomba wakati Petro amesimama nje anapiga hodi. Msichana Roda alipowaambia, walimwambia ana wazimu. Waliomba juu ya jambo lililokwisha kufanyika, na hakuna mahali walipokemewa kwa hilo. Walichokosa ni kufungua mlango upesi.

Sala iliyochelewa, basi, haitusumbui sana. Wala wasiwasi. Lakini mnapousoma tena mfano ule wa kilio mjini, tazameni neno moja. Mtu yule anaomba kilio kisiwe cha nyumba yake. Kilio kipo. Kama si cha nyumba yake, ni cha nyumba ya nani?

Hapo ndipo penye uzito. Binti yetu anaomba kiti. Viti ni kumi na tano, waombaji ni mia nne, tuseme. Kila anayesema "Bwana, nipe," anasema bila kujua, "Bwana, mnyime yule." Na sisi tumeona jambo hilo kwa macho. Pamoja na zile iniversite nne, binti yetu aliomba burse, yaani msaada wa kulipiwa masomo, kwa shirika moja. Baadaye tulisikia kwamba kijana wa tawi letu la Oicha aliomba burse ileile. Nafasi ilikuwa moja kwa eneo zima. Usiku uleule wa Ijumaa tawi la Mbau lilikuwa limefunga kwa ajili ya binti, na tawi la Oicha limefunga kwa ajili ya kijana. Kilometa kumi hivi kati yao. Kanisa moja, damu moja ya Bwana, ngoma zinalia huku na huko, kila upande unasukuma. Mungu asikie tawi gani? Lenye ngoma kubwa?

Mwingine atasema: Mungu ana mengi, atawapa wote wawili. Anaweza. Lakini shirika lile lilikuwa na burse moja, nasi hatuwezi kuomba kana kwamba hatujui hesabu.

Tulifanya hivi, na mtuhukumu wenyewe kama ni vyema. Tuliwaita wote wawili mahali pamoja, siku ambayo njia ilikuwa salama. Tukawaambia kila mmoja aombe juu ya mwenzake. Kijana wa Oicha alikataa kwanza. Alisema hawezi kumdanganya Mungu, kwa sababu moyoni anataka binti akose. Tukamwambia basi aseme hivyohivyo. Akasema, kwa sauti, mbele ya Mungu na mbele yake. Binti akalia, kisha akacheka, akasema naye alikuwa amemwomba Mungu jambo hilo juu ya kijana asiyejulikana, na kumbe anajulikana. Hawakufikia zaidi ya hapo siku hiyo. Lakini tangu hapo wanaandikiana kwa telefone, na kila mmoja akisikia neno jipya anamwambia mwenzake.

Sasa tunapaswa kusema juu ya kosa letu wenyewe. Hatukupenda kuliandika, lakini bila hilo maneno yote ya juu ni upepo.

Kanisa letu ni kanisa la maono. Hatuoni haya kwa hilo. Kuna mama na baba kati yetu ambao Bwana huwaonyesha mambo, na wengi wenu mmesaidiwa. Lakini miaka michache iliyopita, kijana mwingine wa hapa Mbau aliomba nafasi ya kusoma ng'ambo, naye alikuja kwa wazee akitaka kujua jibu kabla ya jibu. Mama mmoja wa maono aliomba, akasema: "Ninaona karatasi nyeupe, na muhuri, na mkono unaoitoa." Alisema hayo tu, hakuongeza kitu. Sisi wazee ndio tulioongeza. Kijana alikuwa anatetemeka, baba yake alikuwa anatutazama kwa macho ya njaa, nasi tukasema: "Amekubaliwa. Karatasi ni ya kukubaliwa, muhuri ni wa viza."

Baba yake alikuwa na shamba la kakao. Aliuza kakao ikiwa bado juu ya miti, kwa bei ya hasara, ili anunue pasipoti, valizi na nguo za baridi. Mwezi wa tano jibu lilikuja. Lilikuwa karatasi nyeupe, na alama ya iniversite juu yake, na lilikuwa la kukataa. Mama alikuwa ameona sawasawa. Sisi ndio tuliokuwa na haraka.

Kijana aliacha kusali nasi. Baba yake bado anakuja, anakaa nyuma, hatuulizi kitu, na hiyo ni adhabu kubwa kuliko matusi. Hatujawahi kusimama mbele ya kanisa kuomba msamaha. Tunauomba hapa, kwa maandishi, kwa baba huyo na kwa mwana wake ikiwa gazeti hili litamfikia, na Jumapili ijayo tutauomba kwa midomo yetu. Kuhusu kakao, wazee wamekwisha kukubaliana kiasi cha kumrudishia, kidogo kidogo kila mavuno. Mhasibu atatoa hesabu yake kama kawaida.

Kwa nini tulifanya vile? Tulijiambia tunamfariji. Lakini mtu anayengoja anatoa nguvu kubwa kwa yeyote anayedai kujua. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii mia nne waliomwambia aende vitani atashinda, na mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, aliyesema kinyume, akatiwa gerezani. Wale mia nne pengine nao walidhani wanamfariji mfalme. Kungoja ni uchi. Aliye uchi hachagui nguo anayopewa. Ndiyo maana kuanzia sasa wazee wameamua hivi: mtu akija kuuliza kama atapita mtihani, kama atakubaliwa shuleni, kama viza itatoka, tutaomba pamoja naye, na ono likija litasemwa kama lilivyoonwa, bila tafsiri ya wazee. Na hakuna sadaka itakayopokelewa siku hiyo kutoka kwa mtu huyo wala kwa jamaa yake. Tunajua wengine hawatafurahi.

Tulisema tutarudi kwa wale wanaoshika nafasi tano. Mnajua bomba letu la maji wakati wa kiangazi. Kuna mtu anayekuja alfajiri na bidoni kumi, anazipanga zote, kisha anakwenda kunywa chai, na wajane wanakaa na bidoni moja mkononi mpaka saa sita. Hakuiba kitu. Kila bidoni iko katika mstari wake. Lakini wote tunajua ni mtu wa namna gani. Aliyekubaliwa mahali patano, akijua moyoni kwamba patatu hatakwenda kamwe, na akazishika zote mpaka tarehe 15 kwa sababu inapendeza kuhesabu, ni yeye huyo. Na jambo hili liko hata hapa nyumbani, kwa mtu mwenye kazi mbili za serikali, kwa anayeandikisha watoto wake shule mbili ili achague baadaye, kwa mchumba mwenye wachumba.

Binti yetu alipata jibu la kwanza mwezi wa pili: hapana. La pili, mwanzo wa mwezi wa tatu: hapana. La tatu lilikuwa ndiyo, lakini bila fedha, na fedha yenyewe ni ya kununua nusu ya Mbau. Alikaa nalo siku mbili, akalionyesha kwa mama yake ili alione walau kwa macho, kisha akaandika kwamba anaiachia nafasi. Tulimwuliza kwa nini asingoje mpaka mwisho, labda fedha itatokea. Akasema kuna mtu ambaye jina lake liko chini ya lake. Burse ya shirika ilikwenda kwa mtu mwingine kabisa, wa Lubero, ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa amemfikiria. Kijana wa Oicha ndiye aliyempigia simu kumwambia, naye sasa anatafuta nafasi Kampala.

Iniversite ya nne ilijibu: ngoja kwanza. Kwa hiyo bado anangoja. Rezo ya hapa Mbau ilikatika tena juma hili, naye anapanda pikipiki mpaka Oicha kutazama telefone yake siku ambazo njia inapitika, kisha anarudi kabla ya saa kumi. Wakati mwingine anakwenda na yule mama wa siku 21, ambaye ana binamu huko na hupenda kusafiri na mtu.

Kesha la Ijumaa litaanza saa kumi na moja jioni na si saa mbili, kwa sababu ya usalama, na watu watalala kanisani mpaka asubuhi. Kila mtu alete blanketi yake. Anayetaka kuombewa aseme mwenyewe jambo lake, hata kama anafikiri ni dogo.